Kofia Yangu Iko Pongwe

Mabawa, Tanga
Jumapili, mwezi wa Agosti, 1955

Kumekucha na baridi ya kusi na mawingu membamba. Jua lenyewe lilitoka kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Sasa magharibi imeshaswaliwa, nimekaa mbele ya cherehani bila kushona kitu, kichwa wazi, kalamu mkononi.

Nina wivu.

Nimeliacha neno hilo peke yake kwenye mstari ili nilitazame vizuri. Miezi mitatu nimelipa majina mengine. Mara nimechoka, mara nina mafua, mara kazi zimenizidi. Leo nimelitamka kwa mdomo wangu mbele ya watu zaidi ya ishirini, mama yangu akiwemo, basi sioni sababu ya kulificha daftari.

Ninayemwonea wivu ni Mhina, mkwezi wa minazi wa Pongwe, mtoto wa mjomba wangu. Ni binamu yangu, na kwa hiyo ni mtani wangu. Tangu tulipojua kusema tunatukanana. Akija kwangu anafunua sufuria bila kuuliza. Nikienda kwake natoka nimevaa shati lake. Siku ya harusi yangu alijilaza mlangoni, akasema bwana harusi haingii mpaka yeye apewe kuku mzima wa kukaanga. Kuku akapewa. Nani angekasirika? Mtani hakasirikiwi, na anachokisema hakishikwi.

Hapo pa kutoshikwa ndipo leo palipotaka kutuua.

Kinachonitia wivu ni Popo. Kwa atakayeliokota daftari hili siku moja, Popo ni ndege isiyo na mashine. Aliiunda Bwana Stavro, Mgiriki anayetengeneza mitambo kwenye shamba moja la mkonge. Mbao na waya ni kazi yake, lakini nguo ya mabawa yote mawili ni kazi yangu mimi, mshono kwa mshono, nikaipaka gundi mpaka ikakaza ukaweza kuipiga kama ngoma. Watu hunicheka kwamba mshona mabawa hakukosea kuhamia Mabawa.

Anayeruka hukaa mbele kabisa, nje, kwenye kiti cha ubao, miguu mbele yake na hewa tupu chini yake. Kamba nene ya mpira hufungwa puani pa Popo. Wanaume watatu wanaishika upande huu, watatu upande ule, wawili wanang'ang'ania mkia. Bwana Stavro akisema tembeeni, wanatembea kuteremka. Akisema kimbieni, wanakimbia. Akisema achieni, wa mkiani wanaachia, na Popo anachomoka kama jiwe la manati. Tunafanya hivyo kwenye Kilima Kipara, njia ya kaskazini, mahali ambapo ukisimama kileleni unaiona bahari yote na mikoko chini yake. Upepo wa bahari ukigonga kilima hauna pa kwenda ila juu, nao humbeba Popo pamoja na mtu wake.

Upepo ukitoka bara, mambo ni mengine. Huo tunauita umande, na asubuhi ndiyo saa yake. Unavuka kilele kwa nyuma, unamwagika upande wa bahari, kisha unajikunja na kurudi. Bwana Stavro alitufundisha kwa sigara: alikunja ngumi, akapuliza moshi juu ya vidole, tukauona unapita, unashuka, unageuka na kurudi kinyumenyume kwenye kiganja. Akatuambia, pale moshi ulipogeuka ndipo mtu anapofia. Yeye mwenyewe aliingia humo zamani, kwao, ndiyo maana goti lake la kushoto halikunjiki, na yeye haruki tena.

Kwa hiyo tuna vitambaa viwili vya kuutazama upepo, na vyote nimevishona mimi. Kimoja kiko juu, pale pa kurukia. Cha pili kiko chini, mbali kwenye tambarare, na hicho nilikishona rangi mbili: shina jeupe, ncha nyekundu. Nyekundu ikitazama kilima, upepo unatoka baharini. Nyekundu ikitazama bahari, kaa chini unywe chai. Tena ni lazima vyote viwili vikubaliane. Pale pa kurukia cha chini hakionekani, tumbo la kilima linakiziba, ila kuna jiwe moja pembeni ambalo ukilipanda unakiona. Jiwe hilo ndilo kazi yangu.

Na kuna neno moja. Neno hilo ni "sitaki." Mtu yeyote, hata mshika mkia, akisema sitaki, kamba inalazwa chini na hakuna anayevuta mpaka ijulikane kuna nini. Bwana Stavro alitulisha neno hilo kabla hajatuonyesha hata ubao mmoja wa Popo.

Sasa nije kwenye kidonda.

Mwezi wa Mei Bwana Stavro aliamua kuchagua mtu wa kumfundisha kuruka. Wengine wote walisema wana watoto. Tukabaki mimi na Mhina. Tulijaribiwa kwenye uwanja tambarare, kamba ikivutwa kidogo tu ili Popo ateleze kwenye nyasi. Mimi nilikaa kwanza. Mwaka mzima nilikuwa nimekilalia kiti kile ndotoni. Niliposikia nyasi zinapita chini ya nyayo nilivuta fimbo ya usukani tumboni kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Popo akainua pua, akasimama hewani kimo cha mlango, akaanguka kwa mkia. Waya mmoja ulikatika.

Mhina akakaa baada ya waya kufungwa. Akateleza, akateleza, akainuka kimo cha goti, akatua kama mtu anayeweka sinia la chai mbele ya wageni.

Bwana Stavro akaniambia, "Bakari, mkono wako una haraka. Mhina ataruka."

Mkono wangu! Miaka kumi na miwili nakula kwa mkono huu. Natunga uzi kwenye sindano bila miwani, na kanzu nilizoshona zimekwenda Maka zikarudi. Leo mtu anayepanda minazi kwa kamba ya miguuni ndiye mwenye mkono wa utulivu. Nilicheka pale uwanjani, nikampiga Mhina mgongoni, nikasema utani wa kwanza uliokuja mdomoni. Nilipofika nyumbani sikula.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba Mgiriki alisema kweli.

Tangu siku hiyo kila Jumapili Mhina anaruka, na kila Jumapili ananipita. Kwanza robo ya kilima. Halafu nusu. Watoto wa Mabawa wanacheza Mhina-Mhina, mikono imetandazwa. Mama yangu, ambaye ni shangazi yake, alinijia na kitambaa cha kaki akasema, "Mshonee kijana wangu koti, huko juu kuna baridi." Kijana wangu! Nilimshonea, tena vizuri, mshono mara mbili kwapani ili asibanwe akigeuza usukani. Hilo nalisema kwa kiburi, maana ndilo jambo pekee la miezi mitatu hii lisilonitia haya.

Mengine yote niliyaweka kwenye utani. Nilimuuliza mbele ya watu kama ameshaandika wosia, maana shati la bluu ni langu. Nilimwita popo mla maembe. Watu walicheka, naye alicheka kuliko wote, na mimi nilikuwa nikimchoma sindano huku nimevaa uso wa mtani. Jumapili mbili mfululizo nilipiga kelele juu ya jiwe, "Sitaki!" Kamba ikalazwa. Bwana Stavro akaja akichechemea kuniuliza kuna nini. Mara ya kwanza nilisema sitaki binamu aruke kabla hajarudisha kandambili zangu. Mara ya pili nikala yamini kabisa, wallahi sitaki, mpaka aseme kuku wa harusi yangu alimla na nani. Wavuta kamba waligaragara. Mhina alicheka karibu aanguke kitini.

Bwana Stavro hakucheka. Aliniambia nikilitumia tena neno lile kwa mchezo, nitashuka kilimani na sitapanda tena.

Walidhani ninachekesha. Mimi nilitaka asiruke, hata kwa muda mfupi tu. Hilo nimelijua leo.

Leo ilikuwa zamu ya kilele. Mhina alikuwa aruke kutoka juu kabisa kwa mara ya kwanza. Tulifika mapema kuliko kawaida kwa sababu lori la shamba lililotuleta lilitakiwa kurudi kabla ya adhuhuri. Watu wa kijiji cha chini walikuwa wameshajaa. Mama alikuja na kikapu cha mikate ya kumimina, na mikate hiyo, niseme ukweli, haikuwa yangu. Mhina alimwamkia shikamoo, akapokea mkate, akaumega nusu akanipa. Nikasema sina njaa.

Kitambaa cha juu kilikuwa kinapepea vizuri kuelekea bara. Bwana Stavro alikitazama, akanusa hewa, akaangalia saa yake, akasema upepo mzuri. Mhina akavaa koti, akakaa, akafunga mkanda. Watu sita wakashika kamba, wawili wakashika mkia. Nami nikapanda jiwe langu, nikatazama chini.

Nyekundu ilikuwa inatazama bahari.

Niliikazia macho nisije nikawa nimekosea. Sikukosea. Umande haukuwa umelala. Ule upepo mtamu uliokuwa ukitupiga usoni pale juu ulikuwa ni mkia wa umande unaojikunja kurudi, ule ule wa moshi wa sigara.

Nikanyamaza.

Hapa ndipo daftari linapokuwa na kazi. Bwana Stavro alisema, "Tembeeni," na watu sita wakaanza kutembea, na mimi niliyekuwa nimekiona kitambaa nikanyamaza. Walikwenda hatua moja, mbili, tatu. Sikumwombea kifo, Mungu ndiye shahidi. Nilifikiria mkono. Mkono mmoja tu wa Mhina uliofungwa bandeji, na Bwana Stavro akigeuka huku na huku kutafuta mtu mwingine, na mtu mwenyewe ni mimi. Niliiona picha hiyo yote na nikaipenda. Hatua ya nne. Ya tano.

Kilichonitoa humo ni ukosi. Ukosi wa lile koti la kaki ulikuwa umejikunja nyuma ya shingo yake, kama anavyouvaa siku zote, maana Mhina hajawahi kuvaa nguo ikamkaa sawa. Mkono wangu ukanyooka wenyewe juu ya jiwe kutaka kuuweka vizuri, kama nifanyavyo kwa kila mteja. Nikauona mkono wangu uko hewani. Ndipo nikapiga kelele.

"Sitaki! Sitaki!"

Wakacheka.

Wavuta kamba walisimama, wakatazamana, wakacheka. Watu wa kijijini nao wakacheka, maana habari za kuku zilikuwa zimeshawafikia. Mhina akapaza sauti bila kugeuka, "Yakhe, leo hata ulie, n'naruka!" Bwana Stavro akanyoosha kidole kuelekea njia ya kushukia. "Bakari, nilikuambia nini? Shuka." Kisha akawageukia wenye kamba, "Tembeeni."

Niliruka kutoka kwenye jiwe, nikakimbia. Nilikuwa nikisema wallahi, wallahi kitambaa, na kila wallahi iliwazidishia kicheko, kwani Jumapili iliyopita niliila wallahi hiyo hiyo kwa ajili ya kuku. Sikuwa nimebakiwa na neno hata moja zima. Nikaenda nikakaa chini mbele ya Popo, juu ya kamba, miguu nimeinyoosha.

"Hebu mwondoeni mtani wangu huyo," Mhina akasema, "kakosa mkate wa mama'ake huyo, ana njaa."

Nikamwambia, "Mhina, naweka utani chini."

Maneno hayo tumewahi kuambiana mara moja tu, siku tulipomzika baba yake. Akaacha kucheka. Lakini mmoja wa washika mkia akasema aah, na hilo ni mchezo tu, tumemzoea huyu. Nikaona sina budi kutoa kile ambacho hakuna mtu angekitoa kwa mchezo.

"Nakuonea wivu," nikasema. "Tangu siku ulipochaguliwa. Zile sitaki mbili za nyuma zilikuwa za wivu, nilitaka usiruke. Hata koti hilo nililishona huku roho inaniuma. Sasa umeshajua, na wote hawa wameshajua. Ya leo ndiyo ya kweli. Kitambaa cha chini kinatazama bahari. Nenda jiweni ukaone kwa macho yako."

Hakuna aliyecheka. Niliona Mama amejifunika mdomo kwa upindo wa kanga. Nilitamani mlima upasuke niingie.

Mhina alifungua mkanda, akashuka, akapita pembeni yangu bila kunitazama, akapanda jiwe. Aliporudi alimwambia Bwana Stavro kwa sauti ya chini, "Nyekundu inatazama bahari, Bwana."

Mgiriki alipanda mwenyewe, na goti lake lile. Kisha akaamuru nyasi mbichi ziwashwe moto pale ukingoni. Moshi ukapanda kimo cha mtu, ukasita, ukageuka, ukabamizwa chini kwenye mteremko, ukaviringika kama mkeka unaokunjwa. Tuliutazama wote. Mmoja wa wavuta kamba aliketi chini bila kuambiwa. Mhina alikuwa anautazama moshi huku akishikashika kifungo cha koti, na nilijua anaiona miguu yake humo.

Tulingoja. Lori lilipiga honi mara mbili, Bwana Stavro akamwambia dereva atulie. Saa nne ilipita. Ilipokaribia tano nyekundu ilianza kuyumba, ikalala, ikainuka, ikaelekea kilima na kukaa hapo. Tukachemsha birika zima la chai na kulinywa, ndiyo desturi yetu, kuhakikisha upepo haubadili mawazo. Kisha Bwana Stavro akasema, "Bakari, ishara ni yako."

Yangu! Basi niliyempa ruhusa ya kuruka ni mimi.

Niliinua kitambaa cheupe cha ishara. Wakatembea, wakakimbia, wakaachia. Popo alichomoka ukingoni, akazama kidogo, halafu bahari ikambeba. Alipanda. Alipita juu ya vichwa vyetu akielekea kaskazini, akageuka taratibu, akarudi, akapita tena. Niliisikia nguo yangu ikivuma. Miaka miwili nimeishona, nimeipaka, nimeiziba matundu, na leo ndiyo mara ya kwanza naisikia inavuma juu, na aliyeketi mbele yake ni mwingine. Wanawake walipiga vigelegele. Cha Mama kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Ukidhani kuungama kunamaliza wivu, njoo uniulize mimi. Nilisimama juu ya jiwe, mkono umeinua kitambaa, na wivu ukanishika upya, mbichi, wa moto. Nilifurahi kwamba yuko hai na nilichukia kwamba yuko juu, vyote kwa pamoja, na machozi yaliyonitoka sijui yalikuwa ya kipi.

Alitua chini kwenye tambarare, karibu na kitambaa cha ncha nyekundu, miguu miwili, kiti hakikugusa hata jani kwa nguvu. Sinia la chai.

Alipopanda kuja juu watu walimbeba mabegani. Alishuka akanijia. Nilingoja tusi. Nilikuwa nalihitaji tusi lile, mwenzenu. Angeniita mwenye husuda, bwana tumbo, lolote, nami ningejua tuko palepale. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa kidogo.

"Ahsante sana, kaka Bakari. Mungu akulipe."

Kaka Bakari.

Hajawahi kuniita hivyo tangu tuzaliwe. Hilo ni neno la mtu baki, la mtu unayempisha barabarani. Kwenye lori alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma na mabawa, nikifunga kamba ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Njia nzima mpaka mjini nilijua nimempoteza mtani wangu, na kwamba nimejipokonya mwenyewe.

Lakini kilichonikaa kooni mpaka sasa ni ile ahsante. Niliipokea. Aliyoyasikia Mhina ni nusu. Ameusikia wivu, hajazisikia zile hatua tano. Hakuna azijuaye ila Mola, mimi, na sasa daftari. Watu wa Mabawa wananipa mkono barabarani kwamba nimemwokoa binamu yangu, na mimi naupokea mkono.

Nilipofika nyumbani nilijishika kichwa nikakuta kofia haipo. Ile kofia niliyoidarizi mwenyewe, miezi mitano, sindano ndogo kuliko zote. Nikasema imeanguka niliporuka kutoka jiweni. Nikaihesabu kuwa sehemu ya adhabu.

Baada ya alasiri Mama akapita. Nilidhani amekuja kunisema kwa aibu niliyomtia mbele ya watu. Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza kama nimekula, akaniambia ningemwambia yeye kwanza habari za wivu, angenipa mkate. Kisha akasema, kana kwamba ni jambo dogo:

"Na kofia yako anayo Mhina. Kaiokota jiweni. Kasema ukiitaka uifuate Pongwe mwenyewe, na usiende mikono mitupu, uende na kuku."

Niliinama chini ya cherehani nikajifanya natafuta sindano.

Ameuokota utani nilipouweka. Kaninyang'anya kofia kama desturi, kadai kuku kama desturi. Kaka Bakari amedumu tangu saa sita mpaka alasiri, basi, ameshazikwa.

Ila ameuokota bila kujua kilichokuwa chini yake. Ndiyo maana uamuzi wangu nauandika kwa wino, nisipate pa kukimbilia. Kesho nikishaswali alfajiri nakwenda Pongwe. Kabla sijamkabidhi kuku, kabla sijaigusa kofia, nitamwambia: nilikiona kitambaa, nikanyamaza hatua tano, kwa sababu nilitaka uvunjike mkono. Nimejaribu kuyasema maneno hayo hapa chumbani kwa sauti. Mara ya kwanza yamekataa, mara ya pili nimeyameza katikati, ya tatu yametoka yote. Akinirudishia kofia, sawa. Akiitupa kisimani, ni haki yake, na nitarudi Mabawa kichwa wazi mchana kweupe.

Kuku nimeshamfunga miguu, yuko jikoni ananung'unika.

Mama alipokuwa anatoka alisimama mlangoni, akajitanda kanga, akasema, "Tena imemkaa ile kofia, mwanangu. Imemkaa kuliko inavyokukaa wewe."

Si kweli. Haimkai hata kidogo.